"Una Uhakika Kiasi Gani Kwamba Unaweza?" Swali Dogo la Kliniki Lililoigawanya Benchi Nzima

Ilikuwa foleni ya kliniki ya presha na sukari, hapa Mombasa kisiwani, asubuhi moja ya Machi. Joto lilikuwa limeshika, na feni ya darini ilizunguka kama mtu aliyelazimishwa kazi. Tulikuwa watu kumi na kitu kwenye mabenchi mawili, wengi wetu wenye miili, na kila mmoja alikuwa amepewa karatasi na kalamu ya kuazima. Swali lilikuwa moja: "Kuanzia 0 hadi 10, unajiamini kiasi gani kwamba utafanya mazoezi mara tano kwa wiki?"

Mama wa makamo aliyekaa kando yangu alilisoma kwa sauti, akalitazama tena, akacheka. "Mwanangu, nijiamini niende wapi na goti hili?" Mzee wa benchi ya pili alitoa hukumu kwamba tunapimwa uvivu. Kijana aliyemsindikiza mamake akamnong'oneza: andika kumi, Mama, yaishe turudi nyumbani. Nusu ya benchi ikaandika kumi. Mimi niliandika sita, nikafuta, nikaandika saba. Nesi aliponiuliza kwa nini saba, sikuwa na la kusema.

Tangu siku ile nimesikia swali hilo likibishaniwa barazani na kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, na kila mtu ana tafsiri yake. Kuna anayesema ni kupimwa kiburi, kuna anayesema ni mtihani, na kuna anayeona ni njia ya kumlaumu mnene kwa unene wake. Ukweli ni kwamba swali la namna hii ni kipimo, kama ile mashine ya presha wanayokufunga mkononi. Kina asili yake na kanuni zake, na kikitumiwa ovyo hudanganya. Fomu yetu ya siku ile, nitaeleza kwa nini, ilikuwa ya kudanganya.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo benchi ilipogawanyika.

Unene wanaouzungumzia madaktari ni hesabu. Unachukua uzito wako kwa kilo, unaugawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mimi nina kilo 104 na urefu wa mita 1.72, kwa hivyo jibu langu ni 35. Shirika la Afya Duniani, WHO, linahesabu 25 kwenda juu kuwa uzito uliozidi, na 30 kwenda juu kuwa unene wa kupindukia. Hesabu hii inatokana na kazi ya Mbelgiji wa karne ya 19, Adolphe Quetelet, ambaye hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa takwimu aliyetaka kumjua "mtu wa wastani". Ndiyo maana ina kasoro zake: haitofautishi mafuta na misuli, wala haisemi mafuta yamekaa tumboni au mapajani. Lakini kwa kuhesabu watu wengi kwa haraka inafaa. Kwa hesabu hiyo WHO inakadiria kwamba mwaka 2022 watu wazima milioni 890 duniani walikuwa na unene wa kupindukia. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kama asilimia 27 ya watu wazima wana uzito uliozidi au unene, na kiwango cha wanawake kilikuwa zaidi ya mara mbili ya cha wanaume.

Neno la pili ni mazoezi, na hili lina mtego wake. Ukimwuliza mtu wa Majengo kama anafanya mazoezi, atafikiria raba, jasho la kukusudia, na labda chumba chenye vyuma na vioo. Atakujibu hafanyi. Mtu huyohuyo amebeba mtungi wa lita 20 mara nne tangu alfajiri, amefua kwa mikono, na amepanda mwinuko wa feri Likoni na mfuko wa ununuzi begani. Wataalamu wana neno pana zaidi, shughuli za mwili, yaani mjongeo wowote wa misuli unaotumia nguvu. Mazoezi ni tawi moja tu la mti huo. WHO inapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za wastani, na hakuna mahali iliposema lazima uzipatie uwanjani.

Ukijiuliza "wastani" ni kiasi gani, kuna kipimo kisichohitaji mashine. Ukitembea na unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hapo ndipo. Ukiweza kuimba taarabu beti zima bila kuvuta pumzi, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kujibu salamu, punguza.

Sasa neno lenyewe lililotutoa jasho. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, alichapisha makala iliyoeleza jambo ambalo hapa nitaliita uhakika wa kuweza. Ni imani ya mtu kwamba anaweza kutenda jambo fulani, katika hali fulani. Miongoni mwa watu aliofanya nao kazi ni waliokuwa wakiogopa nyoka kupita kiasi. Watu hao walijua vizuri kwamba nyoka aliye mbele yao hana sumu. Ujuzi huo haukuwasaidia, kwa sababu hawakuamini kuwa mikono yao ingeweza kumgusa. Walipoongozwa hatua moja baada ya nyingine, kumtazama, kusogea, kugusa, imani ikapanda, na mkono ukaifuata.

Maneno "jambo fulani" na "hali fulani" ndiyo kiini cha yote. Mchukue mama anayepika mahamri kwa miaka ishirini. Mwulize kama anaweza kupika mahamri ya kesho, atakushangaa kwa kuuliza. Mwambie Ijumaa kuna harusi, kuna wageni mia tatu, na biriani yote ni juu yake, kwa kuni, uani kwa watu. Huenda uhakika ukaporomoka mpaka mbili. Ni mpishi yuleyule na mikono ileile. Kumwita "mwenye kujiamini" au "asiyejiamini" kwa jumla hakukuambii lolote kuhusu Ijumaa.

Kwa hivyo uhakika wa kuweza usichanganywe na jamaa zake. Kutaka ni kitu kingine: mimi natamani sana kupungua, na natamani zaidi viazi karai vya jioni. Kujua faida nako ni kitu kingine. Benchi nzima ilijua kwamba kutembea hushusha sukari, na hakuna aliyepinga. Mtu anaweza kuamini kabisa kwamba dawa inaponya na bado asiamini kwamba ataikumbuka kila usiku. Uwezo wenyewe wa mwili pia ni kitu cha peke yake. Kuna wanaoweza zaidi ya wanavyodhani, na kuna sisi tunaodhani zaidi ya tunavyoweza, hasa tukiwa tumeketi.

Jinsi swali linavyotakiwa kuulizwa

Mwaka 2006 Bandura alichapisha mwongozo wa kutunga maswali ya aina hii, na ukiusoma unaona mara moja fomu yetu ilipopotoka. Kwanza, swali liulize "unaweza", lisiulize "utafanya". "Utafanya" inapima nia na ahadi. Mtu anaweza kuwa na uwezo na uhakika wote lakini hana mpango wa kufanya, na mwingine akaahidi mbinguni na ardhini huku moyoni anajua hawezi. Pili, liwe na ngazi. Mwongozo unapendekeza mtu aanze kwa kujizoeza na jambo jepesi la kueleweka, kwa mfano kunyanyua vitu ambavyo uzito wake unazidi kupanda. Tulilete kwetu: una uhakika kiasi gani kwamba sasa hivi unaweza kunyanyua pakiti ya unga ya kilo mbili? Mtungi wa maji wa lita 20? Gunia la kilo 90? Mtu yeyote, hata asiyewahi kujaza fomu maishani, akishapita hapo anaelewa kwamba nambari inashuka kadiri kazi inavyokuwa ngumu, na kwamba kuandika sifuri si aibu.

Kisha ndipo unapouliza kuhusu mwendo. Una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kutembea bila kusimama kwa dakika 5? Dakika 10? 20? 30? 45? Nilijijaribu nyumbani kwa ngazi hiyo nikapata 10, 9, 6, 3 na 0. Tazama sasa ile saba yangu ya kliniki: kwa dakika 10 nilijipunja, na kwa dakika 30 nilijitia. Nambari moja iliyomeza mambo matano haimfai nesi wala hainifai mimi. Safu ya nambari tano inaonyesha pa kuanzia, yaani pale kati ya dakika 10 na 20, ambapo nina uhakika wa kutosha na bado kuna kazi ya kufanya.

Hiyo ni nusu ya kwanza, uhakika wa kazi yenyewe. Nusu ya pili ni uhakika wa kushinda vikwazo, na kwa maoni yangu hii ndiyo yenye mambo. Kutembea dakika 20 siku moja nikiwa na furaha ni rahisi. Je, siku ya uchovu? Siku ya msiba? Mwezi wa Ramadhani? Mwaka 1992 watafiti wa Marekani, mmoja wao Bess Marcus, walichapisha hojaji fupi sana ya vikwazo, na imetumika nchi nyingi tangu hapo. Inauliza kama una uhakika wa kuendelea na mazoezi ukiwa umechoka, ukiwa na hali mbaya ya moyo, ukiona huna wakati, ukiwa likizoni, na kukiwa na mvua au theluji.

Theluji. Mpelekee mama wa Kisauni fomu hiyo kama ilivyo, kisha usishangae akiandika kumi. Hajawahi kushindwa na theluji hata siku moja.

Sisemi hojaji ile ni mbovu. Ilitungwa kwa ajili ya watu wa kwao, na kwa watu hao ilifanya kazi. Shida huja pale kipimo kinaposafirishwa bila kubadilishwa nguo, na shida huwa kubwa zaidi kwa mtu mnene, kwa sababu vikwazo vyake vingi havimo kabisa katika hojaji zilizotungwa kwa watu wa kila umbo.

Vikwazo ambavyo mwembamba havijui

Hapa nitakaa kidogo, maana nayajua kwa ngozi yangu, tena kwa maana halisi ya neno ngozi.

Mapaja huchubuka. Mtu mwembamba hajui kwamba dakika 15 za kutembea kwa jua la Mombasa, mapaja yakisuguana na jasho likiwa chumvi, zinaweza kukukosesha usingizi na kukulaza ndani siku mbili. Joto lenyewe nalo: mwili mkubwa huzalisha joto jingi zaidi unapotembea, na hulitoa polepole kuliko mwili mdogo. Upepo wa kaskazi ukiwa umekaa, unyevu umejaa hewani na jasho halikauki, mtu wa kilo 104 anabeba jiko tumboni. Ongeza buibui jeusi juu ya nguo nyingine, na utaelewa kwa nini mama yule hakukubali hata kuanza kujibu.

Magoti. Watafiti waliowapima wazee wenye uzito uliozidi na maumivu ya goti walikuta kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hupunguza kama kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Ni habari njema ukiisoma kuelekea chini, na ni maelezo tosha ya kicheko cha yule mama ukiisoma kuelekea juu. Kwake yeye swali la haki ni hili: "Una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kutembea dakika 10 goti likiuma kidogo?" Na linastahili jingine baada yake: "…na kujua ni wakati gani usimame?"

Kisha macho ya watu. Hili ni zito kuliko goti. Nenda Mama Ngina jioni, pale watu wanapokaa kwenye kuta za bahari na mihogo yao ya kukaanga, upite mwili mkubwa umevaa raba. Kuna atakayekuita bonge. Kuna atakayesema "kaza, kaza!" kwa nia njema, sauti ikasikika mpaka ng'ambo ya Likoni. Kuna watoto. Mtu anayejua kwamba atatazamwa hapimi umbali kwa dakika, anaupima kwa idadi ya macho. Nimeongea na watu wanaoweza kabisa kutembea nusu saa na hawatembei, kwa sababu njia yote ya kwenda na kurudi inapita mbele ya maskani ya vijana. Hojaji isiyouliza kuhusu kutazamwa na kuchekwa itaandika kwamba hao hawana uwezo, na itakuwa imekosea kabisa.

Kuna mengine madogo ambayo si madogo: viti vya mashine za jimu vinavyobana, nguo za michezo ambazo saizi yake haipatikani, woga wa kuanguka mbele za watu na kushindwa kuinuka, pumzi kukatika ghafla na mtu akadhani ni moyo. Hojaji nzuri kwa watu wazima wanene hutungwa kwa kuwauliza wao kwanza, kabla mtafiti hajaandika swali hata moja. Watu wanakaa, wanasimulia, na maneno yao ndiyo yanayogeuka kuwa maswali. Ukianza na maswali ya ofisini utapata majibu ya ofisini.

Mizani ya sokoni

Utajuaje basi kama kipimo cha kitu kisichoonekana, imani ya mtu, kinapima kweli? Nenda soko la Kongowea. Mizani ya muuza viazi ina mambo mawili unayoyatilia shaka. La kwanza, ukipima kiroba kilekile mara mbili inakupa jibu lilelile? La pili, inapima kilo za kweli, au ina jiwe lililofichwa chini? Mizani inaweza kufaulu la kwanza na kufeli la pili: ikawa inakuibia robo kilo ileile kila siku, bila kubadilika.

Hojaji hupimwa vivyo hivyo. Watu hupewa maswali leo, wakapewa tena baada ya muda mfupi ambao hakuna jambo lililobadilika maishani mwao. Majibu yakiruka huku na huko, mizani imelegea. Huangaliwa pia kama maswali ya kundi moja yanakwenda pamoja, yaani anayejipa alama ndogo kwenye "siku ya uchovu" hajipi kumi kwenye "siku ya uchovu na mvua". Halafu huja la jiwe lililofichwa: je, wenye alama za juu kweli hujongea zaidi? Hapa watafiti hawategemei maneno pekee, kwa sababu sote tukiulizwa tumetembea kiasi gani huongeza chumvi. Mtu huvalishwa kifaa kidogo kiunoni au mkononi kinachorekodi mijongeo yake kwa siku kadhaa, kisha kifaa na karatasi vinalinganishwa.

Kuna kasoro nyingine inayoonekana kwa macho tu. Kama watu wengi wamejaza kumi kila mahali, kama ilivyokuwa kwenye benchi letu, kipimo kimegonga dari. Miezi mitatu baadaye hutajua nani amepanda, kwa sababu hakuna pa kupanda. Na kumi zile, tuseme kweli, nyingi zilikuwa za adabu. Nesi ni mtu mzuri, amekuja na tabasamu, nani atamvunja moyo kwa kuandika mbili? Jibu la adabu ni adui mkubwa wa vipimo vya namna hii pwani yetu. Dawa yake ni kumwambia mtu kabla ya kuanza kwamba hakuna jibu sahihi, kwamba alama ndogo ndizo zinazosaidia zaidi, na ikiwezekana asijaze huku aliyempa fomu amemsimamia kichwani.

Tafsiri nayo. Fomu yetu ilitumia "unajiamini", na hapo ndipo habari ya kiburi ilipoingilia. Kwetu ukisema "yule anajiamini sana" si lazima uwe umemsifu. Ndiyo maana tafsiri za hojaji hufanywa kwa kwenda na kurudi: mtu mmoja hutafsiri kwa Kiswahili, mwingine ambaye hajaiona ya asili huirudisha kwenye lugha ilikotoka, kisha zinalinganishwa. "Unajiamini" ingerudi na sura ya "unajiona", na mtu angeshtuka mapema. "Una uhakika kiasi gani kwamba unaweza" ni ndefu, lakini inarudi salama. Baada ya hapo wasomewe watu wachache, waulizwe: wewe umeelewa nini? Yule mzee wa "tunapimwa uvivu" angekuwa hazina kubwa katika hatua hiyo.

Alama ikishuka

Jambo linalowachanganya hata wahudumu wa afya ni hili: mtu anaanza programu ya kutembea, anahudhuria vizuri, na baada ya wiki chache alama zake za uhakika zimeshuka. Je, programu imemharibu? Mara nyingi hapana. Watafiti wameliona jambo hili mara nyingi vya kutosha hata wakalielewa. Alama ya mwanzo ilitolewa na mtu ambaye hajajaribu. Ni kama kijana anayeambia wenzake kwamba anaweza kuogelea mpaka Mtongwe, akiwa amesimama ufukweni. Akishaingia majini hesabu inabadilika. Nane ya kabla ya kujaribu na tano ya baada ya kujaribu zinatoka kwenye vipimo viwili tofauti vilivyomo katika kichwa kimoja, na ile tano ndiyo ya kuaminika. Ukipima mara mbili tu, mwanzo na mwisho, unaweza kukosa habari yote hii. Pima tena baada ya wiki mbili au tatu za kujaribu, uanzie kulinganisha hapo.

Na uhakika hupanda kwa nini? Bandura alitaja chemchemi nne. Yenye nguvu kuliko zote ni kufaulu mwenyewe: ulifika jana, kwa hivyo kesho hushawishiwi na mtu, unajua. Ndiyo maana lengo la kwanza liwe dogo kiasi cha kukaribia kuchekesha. Ya pili ni kumwona mwenzako akiweza, na hapa neno ni "mwenzako". Picha ya kijana mwenye tumbo la vigae akiruka kamba haimwambii chochote mtu wa kilo 104, isipokuwa kwamba mambo haya si ya kwake. Kumwona jirani mwenye umbo lako, umri wako na goti lako akipita kila asubuhi ni hoja nzito. Ya tatu ni maneno ya kutia moyo, na kwa bahati mbaya hii ndiyo tunayoigawa kwa wingi kwa kuwa ni ya bure. Maneno husaidia yakitoka kwa mtu unayemwamini na yakisema jambo la kweli. "Utaweza tu!" ya mtu asiyejua njia yako ni kelele. Ya nne ni namna unavyosoma mwili wako: moyo ukienda mbio na pumzi ikipanda, unasema "nakufa" au unasema "mwili unafanya kazi"? Mtu anayefundishwa tofauti ya kutweta kwa kawaida na maumivu ya kifua ambayo lazima asimame na kutafuta daktari, hupata uhakika bila hata kuongeza hatua moja.

Nikiwa hapo, niondoe mizigo miwili inayoshusha alama za watu bila sababu. Hatua elfu kumi: nambari hii haikutoka maabara. Ilienezwa na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi. Ni nambari nzuri ya mviringo, basi. Anayetoka hatua elfu mbili kwenda elfu nne amefanya kazi kubwa. Mzigo wa pili ni kwamba lazima utembee kwa mfululizo la sivyo haihesabiki. Zamani mwongozo wa WHO ulitaka vipande visivyopungua dakika 10. Ule wa mwaka 2020 uliondoa sharti hilo. Ngazi za ghorofa ya nyumba za Kibokoni, dakika mbili, zimo katika hesabu. Na shughuli hizo huisaidia presha na sukari hata kama mizani ya bafuni imenuna na haikusogea.

Lipo jambo moja ambalo nadhani wapenzi wa vipimo hivi hulisahau. Uhakika wa kuweza unakaa kichwani, lakini haukuzaliwa humo peke yake. Nikikuambia nina mbili kwa kumi ya kutembea jioni mtaani kwangu, huenda nakueleza kuhusu kijia kilichojaa vibanda, taa ya barabarani isiyowaka tangu mwaka jana, na bodaboda zinazopanda pale ninapotembea. Hapo alama inapima barabara. Kunipa mshauri wa saikolojia kwa tatizo la taa ni kumtibu mgonjwa wa jirani. Ndiyo sababu ningependa kila fomu iwe na nafasi ya mstari mmoja chini ya kila nambari: kwa nini?

Nesi wetu, namshukuru, alilijua hilo kuliko fomu yake. Nilipobabaika na saba yangu hakunihoji kwa nini si kumi. Aliniuliza kwa nini si tatu. Nikajikuta namweleza kwamba Jumapili huwa natembea na ndugu yangu kutoka Kizingo mpaka kwenye mibuyu ya Mama Ngina, jambo ambalo sikuwahi kulihesabu kama mazoezi.

Kisha akamgeukia mama wa goti, ambaye karatasi yake bado ilikuwa tupu. "Mama, tuache hiyo mara tano. Alfajiri, kabla jua halijapanda, na mtu wa kuongozana naye?"

Mama akafikiri. "Na dadangu? Baada ya swala?"

"Na dadako."

"Mpaka mbuyu wa kwanza, nane. Mpaka wa tatu, nne. Jioni peke yangu mbele ya wale wa mihogo, usiandike kitu."

Nesi alikata swali lililochapishwa kwa mstari, akaandika pembeni kwa kalamu: mbuyu wa kwanza, nane.